Darasa la Kiingereza la jioni Michenzani: nyota nne, ya tano nimeikata kwa ajili ya feni

Sitotaja jina la pahala maana nina ya kusifu na nina ya kulalamika, ila wa Michenzani mshalijua, ni lile la baada ya magharibi, chumba cha juu, elfu thalathini kwa mwezi na unalipa miezi miwili kwa mpigo kabla hujakalia hata kiti.

Kilonipeleka ni aibu. Mie naongoza wageni Mji Mkongwe wa Unguja mwaka wa sita huu, Kiingereza changu cha kuokoteza Forodhani, ile bustani ya ufukweni wanapouza vyakula usiku, lakini kinakwenda. Sasa siku hiyo tuko Mkunazini, pale kwenye kanisa lilojengwa juu ya soko la watumwa, nikasema kama nnavosema kila siku, biashara hii ilikuwa illegal. Bibi mmoja wa Kizungu akaniuliza kwa upole kabisa, tokea mwaka gani? Nikajibu 1873, Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alipotia saini mkataba na Waingereza soko likafungwa. Akasema, kwa hivyo kabla ya hapo ilikuwa legal? Nikababaika. Maana ndio, ilikuwa na ruhusa na ushuru wake ukilipwa, na mie nlokuwa nataka kusema ni kwamba ilikuwa dhulma, si kwamba ilikatazwa. Tena hata soko lilipofungwa, sheria iliendelea kumtambua mtumwa kuwa mtumwa mpaka 1897, sasa illegal yangu imekaa wapi hapo?

Ndo nikenda kujiandikisha. Wiki mbili za mwanzo hamna kitu, zile how are you za skuli ya msingi tunalipishwa tena. Wiki ya tatu ticha akaandika ubaoni illegal, immoral, unethical, amoral, akasema leo hatoki mtu mpaka ayapambanue.

Akatupeleka Forodhani kwa maneno. Paka karukia meza kachukua mshikaki wa pweza, huyo amoral, hana habari na jema wala baya. Muuzaji anamuuzia mgeni ngisi wa juzi na huku anajua, immoral, jambo ovu lenyewe. Kaweka meza bila kibali, illegal, hata kama ngisi wake katoka baharini leo na roho yake nyeupe. Ile unethical sasa ikatugeukia wenyewe, maana tulikuwa waongoza wageni wanne mle ndani: unampeleka mgeni duka la vinyago Gizenga unamwambia hakuna rahisi kama hapa, kumbe una kamisheni yako. Polisi hakukamati kwa hilo, lakini kazi ina miiko yake na mwiko ushauvunja. Kimya. Mmoja akakohoa (si mie).

Halafu akateleza. Akataka kuturahisishia, akasema amoral ni kama mubaha. Kuna bi mkubwa mmoja anasomesha chuoni, chuo cha Kurani, kaja kujifunza ili aongee na wajukuu zake walozaliwa Uingereza, akanyanyua mkono. "La, mwanangu. Mubaha ni hukumu, kitendo kishapimwa kikaonekana hakina thawabu wala dhambi. Huyo paka wako hakupimwa kabisa. Sema mtoto hajabaleghe, au mwendawazimu, au mtu kalala, hao kalamu ya kuandika matendo imenyanyuliwa."

Ticha wala hakununa, nampa heko kwa hilo. Akasema ahsante bibi, akafuta, akaandika upya, ila akaongeza kwamba Waingereza humwita amoral hata mtu mzima mwenye akili zake timamu, tajiri anaeuliza faida tu na hajiulizi kabisa kama jambo ni haki. Bi mkubwa akacheka, "huyo tena kalamu yake ipo pale pale, inaandika."

Moral na morale kaipita mbio, yenye e mwishoni ni ari ya watu na mkazo unakaa nyuma. Mie nilishamtumia bosi meseji kwamba timu yetu ina low moral, kumbe nimewatangaza wenzangu wote tabia mbovu. Moral na ethical akasema zimeanza na maana moja, Cicero, mwanafalsafa wa Roma ya kale, alichonga neno la Kilatini lilozaa moral kulitafsiri la Kigiriki lilozaa ethical, ndo maana wenyewe Wazungu hadi leo wanazichanganya.

Lawama sasa. Feni moja kwa watu ishirini na kitu na yenyewe inalia kuliko inavopuliza. Ticha anachelewa, saa moja na nusu yake ni saa mbili. Na zile fotokopi yakhe, mashine imekula herufi za mwanzo, karatasi yangu immoral na amoral zote zimebaki moral, nimeijaza kwa kalamu kwa kumchungulia jirani.

Ijumaa hawasomeshi. Ukenda wahi kiti cha dirishani, na fotokopi chukua za juu.