TAHADHARI: Shokapu "mpya" za bei poa zinazotembezwa kwenye gereji za Mbeya

Wakuu, hasa nyie wenye Noah, IST na Hiace za abiria kati ya Mwanjelwa, Uyole na Mbalizi: kuna shokapu zinatembezwa gereji kwa gereji, boksi jipya, nailoni haijachanwa, bei kama nusu ya dukani. Msizifunge. Ni shokapu kuukuu zilizotolewa kwenye magari ya watu. Anayezitembeza simtaji, maana hayuko peke yake. Akikimbia huyu atakuja mwenzake na boksi lilelile.

Mimi ni fundi, kazi yangu kubwa ni miguu ya gari. Magari yaliyofungwa hizi shokapu yanarudi na lalamiko moja: siku za mwanzo gari limekaza vizuri, halafu ghafla linadunda kuliko zamani na shokapu imelowa oili mpaka chini. Moja nikaipasua kwa grinda. Ndani kulikuwa na oili ya injini. Karibu na kitako palitobolewa, pakajazwa, pakachomelewa, pakasagwa, kisha ikapulizwa rangi nyeusi na kubandikwa stika.

Kwa nini ujanja huu unapita? Kwa sababu wengi wetu tunapima kwa kubonyeza gari upande mmoja na kuangalia kama linadunda. Muuzaji mwenyewe atakuambia, "Bonyeza, bosi, ujionee." Na kweli, halidundi.

Iko hivi. Uzito wa gari unabebwa na springi, wala si shokapu. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi ikishabonyezwa na shimo, isiendelee kupanda na kushuka. Ndani kuna pistoni yenye valvu ndogo, na oili inalazimishwa kupenya humo kidogo kidogo. Nguvu ya mdundo inageuka kuwa joto. Oili yake ni nyepesi na imetengenezwa isitoe povu. Ukiweka oili nzito ya injini, inapita kwa shida, kwa hiyo shokapu inakuwa ngumu hata kama valvu zimekwisha. Ndiyo maana kipimo cha kubonyeza kinafaulu! Asubuhi ya Juni au Julai hapa kwetu, baridi ikiwa chini ya nyuzi 10, inakuwa ngumu zaidi, gari linakutingisha mpaka meno. Ikipata moto barabarani, oili inatoa povu, na sili (mpira unaozuia oili isivuje) ambayo tayari ilikuwa imechoka inaachia.

Sasa fikiria hilo likutokee unateremka Mlima Nyoka au Iwambi na abiria nyuma. Ukishika breki, uzito wote unakuja mbele, tairi linarukaruka badala ya kung'ang'ania lami, na gari linachelewa kusimama. Tairi nalo linaanza kuliwa mabaka mabaka. Watu wanakimbilia kupima alaimenti (mkao wa matairi), wanalipa, na mabaka yanarudi palepale.

Kabla hujatoa hela, iangalie fimbo, kile chuma kinachoingia na kutoka kwenye shokapu. Fimbo ya shokapu mpya inang'aa kote, haina mkwaruzo wala nukta ya kutu; yenye mikwaruzo itakula sili hata ukiijaza oili ya dhahabu. Angalia nyuzi za nati, kama zina alama za spana au mng'ao wa kufunguliwa, basi ilishawahi kukaa kwenye gari la mtu. Pitisha kidole kwenye kitako, chini ya stika pia. Uvimbe wa kuchomelea unasikika hata rangi ikiuficha. Kama boksi linasema ni ya gesi, isimamishe, ibonyeze hadi mwisho na uiachie: fimbo inatakiwa ipande yenyewe taratibu, kwa kuwa ndani kuna naitrojeni yenye mgandamizo. Hawa jamaa wa grinda hawana naitrojeni, kwa hiyo inabaki chini. Ya oili tupu haipandi yenyewe, hiyo ni kawaida. Na usiogope kama mpya inashika kwa kukatakata mara chache za mwanzo, labda ililazwa muda mrefu stoo. Ipampu ikiwa wima itakaa sawa.

Dai risiti ya EFD. Muuzaji wa kutembeza atakuambia mashine iko dukani, na duka hutalionyeshwa. Waliokwisha kuuziwa, tunzeni boksi na shokapu yenyewe, kwani Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulika na bidhaa bandia.

Kuna jambo moja mafundi wenzangu hawatalipenda. Hizi kuukuu zinatoka kwetu. Mteja anabadilishiwa, anaacha za zamani pale chini, jioni mtu wa vyuma chakavu anapita na kuzilipia vizuri kuliko bei ya chuma. Mwenye gari, ukibadilisha shokapu, mwambie fundi azikate fimbo kwa grinda mbele yako kabla hujaondoka.