TAHADHARI: Cheti cha BRELA si ithibati ya chuo. Usilipe ada kwa kuoneshwa mihuri

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, makundi ya WhatsApp hujaa tangazo la aina moja: chuo cha kimataifa, kimesajiliwa na kinatambulika, unasomea nyumbani, shahada kwa miezi 6, matokeo yoyote yanapokelewa, nafasi zinakwisha. Ukiuliza kinatambulika na nani, unatumiwa picha nne au tano za vyeti vyenye mihuri. Hapo ndipo wengi wanapolizwa, kwa sababu baadhi ya vyeti hivyo ni halali kabisa, ila havihusiani na mamlaka ya kutoa shahada.

Cha kwanza huwa cha BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara. Kinasema kuna kampuni au jina la biashara limeandikishwa, basi. Muuza mitumba aliyesajili kampuni anacho hichohicho. Kinafuata TIN ya TRA na leseni ya biashara ya halmashauri, mambo ya kodi na eneo la kazi. Kisha cha ISO 9001, ambacho kinahusu mfumo wa kusimamia ubora katika taasisi yoyote, hata kiwanda cha mabati. Cha mwisho, chenye kung'aa kuliko vyote, kina nembo ya UNESCO. Hiki ni cha uongo moja kwa moja: UNESCO haina mamlaka ya kutoa ithibati kwa chuo chochote duniani. Ukikiona, achana na hao watu palepale.

Kwa Tanzania, ithibati ya chuo kikuu inatolewa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346. Vyuo vya astashahada na stashahada viko chini ya NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi. Na ithibati ina ngazi mbili ambazo matapeli hupenda kuzichanganya. Kuna chuo chenyewe: sifa za wahadhiri, maktaba, maabara, fedha, uongozi, na jinsi kinavyojipima kama wahitimu wake wanatoka na ujuzi walioahidiwa. Halafu kuna programu, na kila moja hupitiwa peke yake, mtaala wake na walimu wake wa fani hiyo. Ndiyo maana kusikia jina la chuo unachokifahamu hakutoshi. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18, na ikasimamisha programu 75 katika vyuo vingine 22. Aliyelipia moja ya programu 75 kwa kuamini jina la chuo tu alikuwa amelipia kitu ambacho mwaka huo hakikuruhusiwa kupokea wanafunzi wapya.

Kuhakiki hakuchukui hata nusu saa. Usifuate kiungo ulichotumiwa. Andika mwenyewe anwani ya TCU, inayoishia na ".go.tz", kisha pakua mwongozo wa udahili wa mwaka huu. Upo wa waliomaliza kidato cha sita na upo wa wenye stashahada, kwa hiyo chukua unaokuhusu. Tafuta chuo, halafu shuka hadi kwenye programu yenyewe. Utakuta msimbo wake, sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Mwambie anayekuuzia akutajie msimbo. Tapeli hapa huanza kuzungukazunguka, au anakupa msimbo wa programu nyingine yenye jina linalokaribiana, kwa hiyo soma mstari mzima kabla ya kukubali. Mwongozo ukisema miaka 3 na tangazo likasema miezi 18, umeshapata jibu. Kama unaambiwa utasomea kwenye "tawi" la mkoani kwako, angalia pia kama kampasi hiyo imetajwa, kwa kuwa kibali cha makao makuu hakihamii chenyewe kwenye nyumba ya kupanga iliyobandikwa bango.

Sifa za kujiunga ndizo zinazowaumbua haraka zaidi. Wa kidato cha sita anatakiwa awe na ufaulu wa principal mbili (masomo mawili ya kidato cha sita aliyofaulu kwa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0 kwa uchache, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Programu nyingi zinataka zaidi ya hapo na hutaja masomo. Wa stashahada anatakiwa GPA ya 3.0 pamoja na namba ya AVN (ya kuthibitisha cheti cha stashahada), ambayo hutolewa na NACTVET peke yake. Dalali anayesema "AVN tutakutengenezea" anakuingiza kwenye kughushi, na jina litakaloonekana kwenye faili ni lako wewe.

Sasa tuje kwenye vyuo vya mtandaoni vya "nje". Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Pakistan, iliyokuwa nyuma ya tovuti zisizopungua 370 za vyuo na shule zisizokuwepo. Ndani ya tovuti hizo kulikuwa na "mabaraza ya ithibati" yaliyotengenezwa na kampuni hiyohiyo. Ukihakiki chuo kwa baraza ambalo chuo chenyewe kimekupa kiungo chake, unaweza kuwa unamuuliza mwizi kuhusu mwizi. Baadhi ya wanunuzi walikuja kupigiwa simu na watu waliojifanya maofisa, wakadaiwa fedha zaidi ili shahada "ihalalishwe". Mbinu hiyo inatumika mpaka leo: cheti kikishafika, inakuja simu ya "ubalozi".

Kwa chuo cha Marekani, anza na orodha ya Wizara ya Elimu ya huko au ya CHEA, baraza la ithibati ya elimu ya juu la huko. Uingereza serikali inachapisha orodha ya taasisi zenye haki ya kutunuku shahada. Kenya uliza CUE, Uganda NCHE, ambazo ni mamlaka za elimu ya juu za nchi hizo. Shahada ya nje lazima itathminiwe na TCU ili itambulike nchini, na wanaangalia mpaka vyeti vyako vya sekondari. Shahada iliyotolewa kwa "uzoefu wa kazi" ndani ya wiki sita hugonga mwamba hapo. Anwani za mtandao nazo zina la kusema: .edu tangu 2001 ni ya taasisi za Marekani zenye ithibati, ingawa wachache walioipata kabla ya hapo waliachiwa. Ila .education na .university mtu yeyote ananunua.

Maombi ya vyuo vya ndani unatuma mwenyewe chuoni. TCU haina wakala mtaani. Mawakala wa kupeleka wanafunzi nje wapo, na TCU inatoa orodha ya waliosajiliwa. Ada haiendi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, hata akisema ni mhasibu.

Kama umeshatuma hela, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hiyohiyo uombe muamala uzuiwe. Usifute mazungumzo. Hifadhi ujumbe wa muamala, namba na picha za vyeti walivyokutumia, nenda navyo polisi upate RB (namba ya taarifa yako), na namba iliyokutapeli itume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.