Kumwona nyangumi: kwa nini tuliiacha Kizimkazi tukaenda Msimbati

Mama yangu ana miaka 71. Amelima uwele na karanga Mvumi maisha yake yote, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona yalikuwa bwawa la Mtera. Siku alipomsikia mjukuu wake akisoma habari za nyangumi, akaniambia, "Mwanangu, nipeleke nikamwone huyo kabla sijafumba macho." Nikaanza kuulizia pa kwenda.

Wakala mmoja wa safari hapa mjini Dodoma alitaka nilipie Mafia mwezi wa Desemba, eti nyangumi wamejaa. Wanaojaa Kilindoni, huko Mafia, miezi hiyo ni papa potwe. Ni mkubwa kweli na anapendeza, lakini ni samaki, anapumua kwa matamvua kama perege wetu wa Mtera. Nyangumi ananyonyesha, na lazima apande juu avute hewa. Wanaopita pwani yetu ni nyangumi wa nundu, wanaotoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa kwenye maji ya joto kati ya Julai na Oktoba. Ukilipia Desemba, wenyewe wameshaondoka.

Kizimkazi, kule Zanzibar, nilishakwenda na wanangu, na sikutaka kumpeleka mama huko. Pomboo wapo, hilo sibishi. Ila siku ile boti saba zilizunguka kundi moja, na nahodha wetu akawakatiza kwa mbele ili wageni waruke majini karibu nao. Pomboo wakazama, boti zikawafuata tena. Niliumia sana kuona vile. Nyangumi mwenye mtoto akifanyiwa hivyo ni balaa zaidi, kwa sababu akiwa huku kwetu hali chakula. Anaishi na kunyonyesha kwa mafuta aliyojiwekea mwilini huko kwenye baridi. Kila anapokimbizwa na boti anapunguza akiba ya mwanawe.

Watamu, kule kaunti ya Kilifi, Kenya, nyangumi wapo pia, na kwa mtu wa Tanga naona ni chaguo zuri. Sisi tukachagua Msimbati, Mtwara, ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi.

Safari ni ndefu, jiandae. Treni ya SGR kutoka Dodoma hadi Dar tulilipa 31,000 kila mmoja, na hiyo ndiyo sehemu rahisi. Tulilala Dar, asubuhi tukapanda basi la Mtwara, na tulipofika jioni miguu ya mama ilikuwa imevimba. Ningerudia leo ningelala Kilwa au Lindi katikati. Malazi ya Msimbati ni ya kawaida sana. Gharama kubwa ni kukodi boti, kwa hiyo tulichangiana na walimu wanne kutoka Masasi.

Siku ya kwanza hatukuona kitu. Upepo wa kusi ulishaanza kuchafua bahari, na mama akatapika. Nahodha hakutudanganya. Akasema turudi, kesho tutoke alfajiri kabla upepo haujapata nguvu. Kesho yake alimkalisha mama katikati ya boti, akamfunga jaketi okozi kwa mkono wake mwenyewe, akampa kipande cha tangawizi atafune.

Jua lilikuwa limepanda kidogo tu. Nahodha akazima injini, akanyamaza. Tukasikia pumzi, nzito, ya kukoroma, kisha mvuke ukasimama juu ya maji. Mama akanishika mkono. "Huyu ana ndama," akasema. Nahodha akatikisa kichwa, alikuwa amemwona mmoja tu. Mama akasisitiza kwamba ng'ombe aliyezaa juzi anapumua hivyo hivyo. Haukupita muda, pembeni ya ule mgongo mweusi ikatokea pumzi ndogo, fupi, na mgongo mwingine mdogo umeegemea ubavu wa mamaye.

Walimu wakaomba tusogee. Nahodha akakataa kabisa, akasema mwenye mtoto hasogelewi, akitaka atakuja mwenyewe. Hakuja. Tulikaa pale karibu nusu saa tukiwaangalia kwa mbali, mpaka yule mkubwa akainua mkia wote nje ya maji, ukadondosha maji kama mvua, akazama.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kabla ya kuchagua ufukwe muulize mwenye boti atafanya nini akimkuta nyangumi mwenye mtoto. Akikuahidi kukusogeza umshike, tafuta mwingine.

Tuliporudi Mvumi majirani hawakuamini ukubwa wake. Mama akapima kwa hatua kutoka mlangoni hadi zizi la mbuzi, akafika, akaendelea kupima mpaka kwenye mbuyu. Septemba hii nawapeleka wanangu, na boti ni ya nahodha yule yule.