Uzoefu wangu: kupimiwa kamshafti baada ya hedi kupinda, Kigoma

Corolla yangu yenye injini ya 4A-FE, ninayoifanyia teksi kati ya Mwanga na Ujiji, ilipasuka mpira wa rejeta mwaka jana nikiwa na abiria wa Kasulu, na hedi yake ya aluminiamu, yaani sehemu ya juu ya injini inayobeba vali, ikapinda kwa joto. Gereji ya kwanza ilichonga uso wa chini, ikaweka gasketi mpya na kunikabidhi gari. Wiki tatu baadaye kamshafti ya ekzosi, mhimili unaofungua vali za kutolea moshi, ilikwama na mkanda wa taimingi unaoizungusha ukanyofoka meno. Nashukuru kwamba katika injini hii mkanda ukikatika vali hazigongani na pistoni.

Huduma ninayoisifu hapa ni ya gereji ya pili, karakana ndogo ya Ujiji. Fundi alinieleza jambo ambalo natamani ningelijua mapema: hedi inapopinda, hupinda yote, pamoja na makalio ambamo kamshafti huzungukia kule juu, kwa hiyo kuchonga chini hakunyooshi kitu chochote juu. Alitoa tapeti zote (vikombe vinavyokaa kati ya kamshafti na vali), akalaza kamshafti peke yake, akakaza vifuniko vinavyoishikilia kidogo kidogo kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kila kifuniko mahali pake kwa namba na mshale wake, kisha akanipa niizungushe kwa mkono. Haikuzunguka, yaani hedi ilikuwa imepinda hata juu.

Tulipata hedi iliyotumika, nayo hakuiamini kwa macho. Alifuta oili yote, akaweka vipande vya Plastigauge ya kijani, ule uzi laini unaopima nafasi kati ya kamshafti na kifuniko chake, kuanzia milimita 0.025 hadi 0.076, akakaza, akafungua bila kuigusa kamshafti, kwa sababu ikizunguka hata kidogo uzi huburuzwa na kipimo hakifai tena. Kadiri uzi unavyotandazika, ndivyo nafasi ilivyo ndogo. Vifuniko vyote vilisoma karibu 0.05; kitabu cha injini hii kinataka 0.035 hadi 0.072, na ukomo ni 0.10. Wakati wa kuifunga aliishusha kamshafti ikiwa imelala sawasawa, maana nafasi yake ya kwenda mbele na nyuma ni ndogo, na ikiinama inaweza kupasua hedi. Mwisho alipima nafasi za vali injini ikiwa baridi, akabadilisha shimu mbili (visahani vya kurekebisha nafasi hiyo) ili za kuingizia hewa zikae kati ya milimita 0.15 na 0.25.

Lawama yangu ni moja. Uzi huo haukuwapo karakana, ukaagizwa Dar es Salaam kwa basi, nami nikakaa siku nne bila kazi. Kwa gereji inayofungua hedi mara kwa mara, kitu chepesi namna hiyo kilipaswa kuwa kabatini. Vipimo aliniandikia nilipoomba, kifuniko kwa kifuniko. Mwezi uliopita, baada ya miezi saba ya kazi ya kila siku, tulifungua kava tukakuta shingo zote za kamshafti, zile sehemu zinazozunguka kwenye makalio, zinang'aa, hazina mkwaruzo.