Kapasita ya 224J: mbadala wa kondensa kwa Yamaha ya zamani inayozima ikishapata moto

Kondensa (kapasita ndogo inayozuia pointi zisitoe cheche) nyingi zisizo na jina zinazouzwa siku hizi kwa pikipiki za pointi (swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche) kama Yamaha DT100 hazifai. Kopo linang'aa na waya ni mpya, ila ukipanda kilima cha Riat kutoka Kisumu na mzigo mgongoni, injini inaanza kukatakata, inazima, na kiki haisaidii mpaka ipoe dakika 15 au 20. Kondensa imefichwa nyuma ya flaiwili (gurudumu zito la sumaku la injini), penye joto kali. Ikichemka inavuja umeme, pointi zinatoa cheche zenyewe, na plagi inabaki na moto wa manjano usio na nguvu.

Badala yake tunapendekeza kapasita ya plastiki ya mafundi wa redio na runinga, aina ya CBB au MKP, iliyoandikwa 224J 630V. Hiyo 224 ni maikrofaradi 0.22, karibu sawa na kondensa ya kiwandani. Usikubali 104, ni ndogo mno, wala kapasita ya feni, ambayo ni kubwa mara kumi hivi. Volti zisishuke chini ya 400, kwa sababu kila pointi zinapofunguka koili (inayopandisha volti za kwenda kwenye plagi) hurudisha volti mia kadhaa.

Kabla ya kununua, hakikisha ugonjwa ni huo. Pikipiki ikizima, fungua kifuniko cha tangi papo hapo. Ikiwaka mara moja, tundu la hewa la kifuniko limeziba, lizibue tu. Isipowaka, toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, igusishe kwenye chuma cha injini mbali na tundu ilimotoka (mvuke wa petroli hutokea hapo), kisha piga kiki. Cheche ya bluu inayolia inakupeleka kwenye kabureta na chujio la petroli. Cheche dhaifu inakuleta kwenye kondensa.

Kuifunga si kazi kubwa, ila flaiwili itolewe kwa pula yake (kifaa cha kuivuta itoke), kamwe si kwa nyundo. Kata waya wa kondensa ya zamani. Ukiiacha imeunganishwa itaendelea kuvuja na utailaumu mpya bure. Ukiwa humo safisha pointi na uziweke mwanya wa milimita 0.35. Kapasita yenyewe ikae chini ya tangi, jirani na koili: mguu mmoja uunge kwenye waya wa pointi, mwingine kwenye fremu uliyokwangua rangi. Haina chanya wala hasi.

Udhaifu wake ni miguu. Ni myembamba, na mtetemo huikata. Lehemu waya laini kwenye kila mguu, funika kila kitu kwa gundi ya epoksi ili maji yasiingie, halafu ifunge imara kwenye fremu. Fundi akikuachia inaning'inia, mrudishie kazi.

Kwa bei yake ndogo, ndiyo kipuri cha kwanza cha kubadilisha kabla ya koili. Kama pikipiki bado inazima ikiwa moto, hapo sasa pima koili. Baada ya wiki chache kagua pointi: upande mmoja ukiota kilima na mwingine shimo, kipimo cha kapasita hakilingani na koili yako.