Ekzosi mbili kwenye Subaru yangu: niliziweka, nikazitoa baada ya miezi minne

Nilipoinunua Impreza WRX STI ya mwaka 2006 kutoka kwa jamaa wa Lang'ata, Nairobi, kitu cha kwanza kunikera kilikuwa ekzosi. Bomba moja tu, upande mmoja. STI za kuanzia 2008 zilikuwa zikinipita Thika Road na midomo minne nyuma, miwili kila upande, nami nikaona gari langu limevaa kiatu kimoja.

Karakana niliyoanzia sitaitaja. Walikata bomba karibu na ekseli ya nyuma, wakaligawanya kama herufi Y, wakachomelea mabomba mawili ya inchi 2 na sailensa mbili, kisha wakakata bampa upande wa pili ili mdomo mpya upate kutokea. Nililipa shilingi 38,000. Wiki ya kwanza nilikuwa nikigeuka kulitazama kila nikiegesha.

Shida ilijionyesha Southern Bypass. Injini ikifika mizunguko 2,700 hivi kwa dakika, ambayo ndiyo kasi yangu ya safari, mvumo mzito ulijaa ndani ya gari mpaka binti yangu akaziba masikio. Tabo nayo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukumia injini hewa zaidi, ilikuwa ikichelewa kuamka kuliko zamani. Na matuta ya South B! Sailensa ya kushoto ilikuwa chini kuliko ya kulia, kila tuta inakwaruza.

Nililipeleka kwa fundi mwingine, mzee wa Kirinyaga Road, mtaa ambao wengi wetu bado tunauita Grogan. Aliingia chini ya gari na tochi, akaniita nami niingie. Akanishikisha kona ya bomba: chuma kilikuwa kimebonyea na kukunjamana kama mkono wa sweta, kwa sababu kilipindwa bila kitu cha kukizuia ndani. Pale moshi ulikuwa unabanwa.

"Mkubwa, gari hili lina koo moja. Ya nini kulitoboa pua mbili?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Injini ya Subaru ina silinda mbili huku na mbili kule, na ndiyo maana nilidhani kila upande unastahili bomba lake. Lakini moshi wote huishia kwenye tabo moja na kutoka kwa mlango mmoja. Kuugawanya huko nyuma hakuipi injini chochote. Tukapiga hesabu kwenye kipande cha boksi: mabomba mawili ya inchi 2 yana nafasi ya inchi za mraba 6.3 kwa pamoja, ilhali bomba moja la inchi 3 lina 7.1, tena kuta zake zinazousugua moshi ni chache zaidi. Hata ile ngurumo ya Subaru za zamani tunayoipenda hutokana na mikono ya manifoldi (mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) isiyolingana urefu. Haihusiani na idadi ya midomo.

Basi tukarudi kwenye moja: stenilesi, inchi 3, kona laini, rezoneta ya kupunguza mvumo katikati, sailensa moja nyuma. Katalitiki, kifaa kinachosafisha moshi, sikukubali iguswe, na nawasihi msikubali. Fundi akiwaambia ataitoa bure, jueni ina madini ya thamani. Gharama ilikuwa 57,000. Tulipima vyuma vya zamani kwenye mizani ya muuza chakavu, vikawa kilo 27. Vipya vilikuwa 16. Kwa vile tabo sasa inapumua vizuri, presha yake ilipanda, ikabidi kompyuta ya injini ipangwe upya. Usiliruke hilo, injini inaweza kuungua. Sasa kupanda Ngong naanza kusikia tabo mapema, mvumo wa barabarani umekwisha, na saa kumi na moja alfajiri naondoka bila kuamsha jirani. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, zipo tangu 2009, lakini mimi jirani ndiye ninayemwogopa zaidi.

Simaanishi mbili ni upuuzi. Rafiki yangu ana Nissan Fairlady 350Z, V6 ya lita 3.5 isiyo na tabo. Kiwandani Japani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, sawa na yangu. Kwake kila upande una silinda tatu na manifoldi yake, na mabomba yake mawili yanatembea sambamba toka mbele hadi nyuma, yakikutana katikati kama herufi X ili kusawazisha presha. Nimeiendesha, sauti ni safi, nyororo, na mbili zile zina kazi. Kama gari lako ni V6 au V8, weka mbili za kweli. Silinda nne zenye tabo, weka moja nene, na pesa iliyobaki inunue stenilesi badala ya chuma cha kawaida, maana safari fupi za mjini huacha maji ndani ya sailensa na kutu huanzia humo.

Tundu la bampa upande wa kushoto bado liko wazi. Natafuta bampa ya mtumba ya rangi ya buluu, ya 2006 au 2007, isiyokatwa.