Bolti za aleni kwenye CG125 kuukuu: za Kisekka zinafaa, za pakiti achana nazo

Kama pikipiki yako ni ya Kijapani ya zamani, kama hii Honda CG125 yangu, na kava za injini bado zimeshikwa na skrubu za nyota, zitoe uweke bolti za aleni, zile zenye tundu la pembe sita kichwani. Hela utakayotumia ni ndogo kuliko ya kumlipa fundi akutolee skrubu moja iliyoliwa kichwa.

Skrubu zile zina ugonjwa wao. Kwa macho nyota yake ni kama ya Phillips, ile nyota ya kawaida, lakini imekatwa kwa kipimo cha Kijapani (nyingi zina kitone kidogo kichwani), na bisibisi tunazouziwa hapa mjini hazizami mpaka chini. Ukikaza mkono, bisibisi inapanda, inateleza, inatafuna ukingo. Kwa CG125 ni balaa zaidi, maana lile chujio la oili linalozunguka na krankshafti limejificha ndani ya kava la kulia, pamoja na klachi. Huwezi kulisafisha bila kulitoa kava. Kila anayelifungua anakula vichwa kidogo, na hii yangu imepita mikono ya mafundi wa steji nyingi kabla haijanifikia.

Nilianza na pakiti iliyokwisha kupangwa, ya duka moja la vipuri mjini. Usihangaike nayo. Urefu umechanganywa hovyo, na ilipofika zamu ya tundu refu la pembeni nikabaki na bolti inayoshika nyuzi mbili tu. Nyuzi mbili ndani ya alumini ni kuomba msiba.

Nikaenda Kisekka, soko la vipuri la Kampala, kwenye kibanda cha bolti tupu, masinia juu ya masinia. Kijana wa hapo ni mtu wa Arua, Kiswahili chake kimenyooka. Nikamwambia nataka za kava la CG. "Mzee, bila mfano siuzi," akanijibu. Skrubu nilikuwa nazo, nimezichomeka kwenye kipande cha boksi nilichochora umbo la kava, kila moja mahali pake. Alifurahi kweli! Akapima moja baada ya nyingine: zote M6 (unene wa milimita 6), nafasi ya uzi hadi uzi milimita 1, urefu tofauti. Kisha akapitisha sumaku juu ya zile za stenlesi (chuma kisichoshika kutu kirahisi), haikushika, ishara kwamba si chuma cha kawaida. Kichwani zimeandikwa A2-70, alama ya aina na nguvu ya stenlesi. Bei shilingi 1,000 kwa moja, na hakupunguza hata nilipomwita mwanangu.

Kuzitoa za zamani ndiko kuna kazi. Nilitumia bisibisi ya kugonga, ile ambayo ukiipiga nyundo juu inasukuma chini na kuzungusha kwa pamoja; karibu zote zilitii. Moja, chini karibu na kiki, ilikuwa imebaki shimo la duara. Hiyo unaishika na patasi: unachimba pembe ya kichwa kwanza, kisha unailaza patasi na kugonga kuelekea upande wa kufungulia, taratibu, mpaka usikie ile "tik" ya kutu kuachia. Ikishaachia, inatoka kwa vidole.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Stenlesi ndani ya alumini, ikipata maji ya mvua, huila alumini na kugandana nayo, hivyo kila uzi upake grisi, ya shaba ukiipata. Pili, aleni inakupa nguvu ambayo bisibisi haikuwahi kukupa. M6 kwenye alumini inataka kukazwa kwa kama Nm 10 (nyutoni mita) tu. Mimi natia mkono mrefu wa aleni namba 5 kwenye tundu na kuzungusha kwa ule mfupi. Hapo hata ukiwa na hasira ni vigumu kuua nyuzi. Tatu, tundu la kichwa linajaa tope la murram, likikauka linakuwa saruji. Nimeyaziba kwa grisi. Na beba aleni yako chini ya kiti, maana si kila fundi wa barabarani anayo.

Usije ukanogewa ukabadilisha na za breki au za ekseli. Stenlesi hii haina nguvu ya bolti ngumu za huko. Ziache za kiwandani.

Tangu nizifunge, kava la kulia limeshafunguliwa kwa ajili ya chujio na kurudi, gasketi haivuji, na kazi iliyokuwa inakula asubuhi nzima imeisha kabla chai haijapoa. Vichwa vinachomoza kuliko vya zamani, wapenda sura ya kiwandani watanuna. Zilizobaki ni zile ndogo za bakuli la kabureta. Kijana hakuwa nazo za urefu wangu, kaniambia nipitie tena wiki ijayo na mfano.